Taa za sikukuu: Adui yu ndani ya kisanduku

Kila ifikapo Desemba, Nakuru hubadilika sura. Kuanzia Milimani na Section 58 hadi Kiti, Lanet na Pipeline, taa za rangi huanza kumetameta kwenye vibaraza, miti ya uani, milango ya maduka na minara ya makanisa. Tangu mji huu upewe hati ya kuwa jiji hapo tarehe 1 Desemba 2021, mwezi huo umekuwa na sherehe juu ya sherehe. Wala taa zenyewe si zile balbu chache za zamani zilizofungwa kwenye tawi la mti. Siku hizi ni taa za LED zinazocheza, zinazobadilika rangi na kufuata muziki. Zinatawaliwa na kidude cha elektroniki kilichofichwa ndani ya kisanduku ukutani, nje ya nyumba.

Hebu jiulize, msomaji mpenzi: ni mara ngapi umeona taa za aina hiyo ziking'ara wiki ya kwanza, kisha siku chache kabla ya Krismasi zikaanza kupepesa ovyo, zikazimika nusu, ama zikakata stima ya nyumba nzima? Fundi huitwa. Akija alfajiri, hufungua kisanduku akakuta matone yamening'inia chini ya mfuniko kama jasho kwenye paji la uso. Akija mchana, hukuta kukavu kabisa, ila madoa meupe na rangi ya kijani kwenye nyaya za shaba. Mwenye nyumba huapa kwamba mvua haijanyesha wiki nzima. Aliyekifunga kisanduku naye huapa kwamba alikiziba pande zote. Ajabu ni kwamba wote wawili husema kweli.

Basi maji yalitoka wapi?

Somo kutoka Eburru

Jibu liko karibu na nyumbani. Ukipanda mlima wa Eburru, kaskazini magharibi mwa Ziwa Naivasha, utafika mahali ambapo ardhi yenyewe hufuka mvuke. Maji ya mto ni shida huko. Kwa hivyo tangu miaka mingi iliyopita, wenyeji wamekuwa wakiutega mvuke huo. Huuelekeza kwenye mabomba, unapoa njiani, nao hugeuka matone yanayojaza tangi pole pole. Maji hayo hunywewa na watu na kunyweshwa mifugo. Kule Olkaria nako, ambako umeme wa mvuke ulianza kuzalishwa mwaka wa 1981, mvuke ukishazungusha mitambo hupozwa ukarudi kuwa maji.

Kanuni ni moja: mvuke ukikutana na kitu baridi hurudi kuwa maji. Hewa unayovuta hivi sasa unaposoma gazeti hili ina mvuke wa maji ndani yake, ingawa huuoni. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, nayo ya baridi hubeba kidogo. Chukua mfano huu. Mita moja ya ujazo ya hewa ikiwa na nyuzijoto 25 inaweza kubeba takriban gramu 23 za maji. Hewa hiyo ikipoa hadi nyuzijoto 10, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 na kitu. Kinachozidi lazima kitemwe. Hutemwa kwenye kitu cha kwanza chenye ubaridi: chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, kioo cha dirisha, paa la gari, ama mfuniko wa kisanduku chako.

Yeyote aliyelala katika nyumba ya mabati isiyo na dari kule Molo ama Elburgon anaijua habari hii bila kufundishwa shuleni. Alfajiri matone hudondoka kitandani, na nje hakuna wingu hata moja. Ni pumzi za waliolala humo, zilizopanda usiku kucha, zikakutana na bati baridi.

Kwa nini hapa kwetu?

Mtu wa Mombasa anaweza kusema kwamba kwao ndiko kwenye unyevu mwingi zaidi. Ni kweli. Lakini Mombasa usiku na mchana havitofautiani sana kwa joto. Nakuru iko juu ya bahari kwa mita 1,850 hivi, na Molo huko Mau iko juu zaidi. Katika nyanda hizi mchana jua huchoma hasa, halafu usiku wa anga wazi joto lote hupaa na kutuacha tukitafuta blanketi. Tofauti ya nyuzi 15 kati ya saa nane mchana na saa kumi na mbili asubuhi si jambo la kushangaza.

Isitoshe, kitu kilicho wazi chini ya anga lisilo na mawingu hupoa hata kuliko hewa inayokizunguka. Ndiyo sababu umande huonekana kwanza kwenye paa la gari na juu ya majani, huku chini ya mti au chini ya mapaa kukiwa kukavu. Kisanduku kilichofungwa juu ya nguzo uani kiko katika hali ile ile ya paa la gari. Basi Desemba, mvua za vuli zinapopungua na usiku kuwa wa nyota tupu, ndipo hatari ya umande inapozidi. Nao ndio mwezi wa taa.

Kisanduku hupumua

Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakiwemo mafundi hodari. Mtu hununua kisanduku kizuri cha plastiki, akaziba kila upenyo kwa gundi ya silikoni, akajipiga kifua. Hajui kwamba amefungia mvuke ndani na kwamba kisanduku chenyewe hupumua.

Tuseme kisanduku chako kina ukubwa wa ule mtungi wa maji wa lita 20. Umekifunga alasiri moja ya manyunyu, hewa ikiwa na nyuzijoto 22 na unyevu mwingi. Usiku ukiingia na nyuzi zikashuka hadi 10, hewa uliyoifungia humo itatema matone mawili au matatu ya maji. Ni machache, lakini tone moja likidondoka mahali pabaya latosha.

Sasa tazama kupumua kwenyewe. Mchana jua hukipasha kisanduku hadi nyuzijoto 40 au zaidi. Hewa ya ndani hutanuka, ikapenya na kutoka. Usiku ikipoa hadi nyuzi 10 hujikunja kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwa kisanduku cha lita 20, hizo ni lita mbili za hewa zinazovutwa kutoka nje kila usiku. Hewa hiyo ya usiku huleta chini ya nusu tone la maji. Utasema si kitu. Lakini haba na haba hujaza kibaba, hasa ikiwa maji yakiingia hayana pa kutokea.

Ubaya zaidi huja mvua inyeshapo jioni. Maji hutuama kwenye ukingo wa mfuniko, hapo kwenye ule mpira wa kuzuia maji. Kisanduku chenye joto kikipigwa na mvua hupoa ghafla na kuanza kuvuta. Kwa kuwa maji yamezunguka ukingo, hakivuti hewa tena. Kinavuta maji yenyewe. Mpira ukiwa umekauka kwa jua la miaka miwili, ama skrubu moja haikukazwa sawasawa, maji hayo huingia kama mtoto anayefyonza mrija wa soda.

Njia nyingine ambayo wengi hawaifikirii ni waya. Ndani ya ganda la waya wa nje, kati ya nyuzi za shaba, mna nafasi ndogo ndogo. Kisanduku kinapovuta, hewa na maji husafiri ndani ya waya huo kutoka upande wa pili, ambako pengine mtu aliunganisha kwa kuzungusha utepe mweusi tu.

Maji machache, hasara kubwa

Maji safi ya umande hayapitishi umeme sana. Ila ndani ya kisanduku hamkosi vumbi, na vumbi la Nakuru lina sifa yake. Wengi husema hata jina la mji huu latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Ziwa letu ni la magadi. Kila maji yake yanapopungua, kingo zake hubaki nyeupe kwa magadi makavu, na upepo huyapeperusha hadi mjini. Tangu miaka ya 2010 ziwa limefanya kinyume; limefura hadi likafunika lango kuu la zamani la mbuga na kuwafukuza watu majumbani. Hata hivyo, vumbi la barabarani na mashambani lingali lipo. Chumvi kidogo ya vumbi ikichanganyika na tone la umande hufanya maji yanayopitisha umeme vizuri sana.

Kinachofuata ndicho kile wanafunzi wa kemia hufanya maabarani kwa betri na bilauri ya maji ya chumvi. Umeme wa taa za LED huwa wa upande mmoja, chanya na hasi, volti 5 au 12. Ukipita ndani ya tone hilo, shaba ya upande wa chanya huanza kuliwa. Huyeyuka kidogo kidogo na kuacha ile rangi ya kijani. Wiki moja yatosha kuukata mguu mwembamba wa kidude cha elektroniki.

Taa za kisasa zina udhaifu mmoja zaidi. Katika zile zinazotawaliwa moja moja, kila taa hupokea amri kutoka kwa iliyotangulia, kisha huipitisha kwa inayofuata. Kiungo kimoja kikiliwa na kutu, taa zote zilizo mbele yake huzimika ama hucheza kichaa. Ndiyo sababu utaona nusu ya mti inawaka na nusu ni giza. Wengi hapo hutupa mkufu mzima wa taa na kununua mwingine, kumbe kiungo kibovu kilikuwa kimoja tu.

Yote hayo ni hasara ya fedha. Kuna hasara ya pili ambayo hailipiki. Ikiwa ndani ya kisanduku hicho umeingizwa umeme wa nyumba, yaani volti 240, maji yanaweza kuupeleka kwenye ganda la chuma, kwenye nguzo, au kwenye uzio wa mabati ambao watoto huegemea wakitazama taa. Mkondo wa miliampia 30 ukipita kifuani waweza kuhatarisha maisha, na balbu ndogo ya kawaida hutumia zaidi ya huo. Mama anayenyunyizia maua yake maji jioni, ama mtoto asiye na viatu kwenye nyasi zenye umande, ndio walio katika hatari ya kwanza.

Namba za dukani

Ukienda dukani utaonyeshwa visanduku vilivyoandikwa IP65 au IP67. Herufi hizo ni za kipimo cha kimataifa. Tarakimu ya kwanza yahusu vumbi na ya pili yahusu maji. Sita ya kwanza maana yake vumbi haliingii. Tano ya pili maana yake kisanduku chaweza kupigwa na maji ya mpira bila madhara. Saba maana yake chaweza kuzamishwa kwenye maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa.

Hizo ni sifa njema. Lakini soma tena: zote zahusu maji yanayotoka nje. Hakuna tarakimu hapo inayohusu mvuke uliofungiwa ndani. Kipimo hicho hufanywa kisanduku kikiwa kipya. Hakikufanywa baada ya fundi kutoboa matundu manne ya nyaya.

Hatua za kuchukua

Kinga ni bora kuliko tiba. Hizi hapa hatua ambazo mtu yeyote wa nyumbani anaweza kuzifuata, akisaidiwa na fundi panapohitajika.

Kwanza, acha umeme mkubwa ndani ya nyumba. Hii ndiyo hatua kuu. Transfoma au adapta ibaki sebuleni ama kwenye stoo, na kinachotoka nje kiwe volti 12 pekee. Hapo hata maji yakiingia, utapoteza kidude na si mtu. Ila jihadhari na urefu wa waya. Taa zinazotumia ampia 5 zikiwa umbali wa mita 20, kwa waya wa milimita 1.5 za mraba, hupoteza volti zipatazo 2.4 njiani. Zitawaka kwa unyonge. Ukitumia waya wa milimita 4 za mraba, upotevu hushuka hadi chini ya volti moja.

Pili, chagua mahali. Chini ya mapaa ya nyumba ni bora kuliko juu ya nguzo, kwa maana hapaangaliani na anga la usiku wala jua la mchana. Kisanduku kisilale chini kwenye nyasi. Kiwe cha rangi nyeupe au kijivu hafifu. Cheusi huchemka zaidi mchana na hivyo huvuta zaidi usiku.

Tatu, nyaya ziingie kwa chini. Usitoboe juu wala ubavuni. Kabla ya waya kuingia, uache uning'inie kidogo kama tumbo la kamba ya kuanikia nguo, kisha upande kuingia kisandukuni. Maji yanayotiririka kwenye waya yatafika kwenye tumbo hilo na kudondoka chini. Pale unapoingilia, tumia ile shingo ya plastiki yenye raba ambayo mafundi huiita glandi. Waya mmoja, glandi moja. Ukisukuma nyaya tatu katika glandi moja, maji yatapita katikati yake.

Nne, toboa tundu chini. Najua utashtuka. Utanunuaje kisanduku kisichoingia maji kisha ukitoboe? Lakini tundu la milimita 5 au 6 katika sehemu ya chini kabisa hufanya kazi mbili. Maji yaliyoingia hupata njia ya kutoka, na kisanduku hupumua kwa hewa badala ya kunyonya maji ya ukingoni. Funika tundu hilo kwa kipande cha wavu wa chuma wenye macho madogo, la sivyo sisimizi na buibui watahamia humo wakifuata joto. Mahali ambapo maji hurushwa kwa nguvu kutoka chini, kuna vizibo maalumu vyenye utando unaopitisha hewa na mvuke lakini unaozuia maji. Utando huo ni wa jamii ya ule wa makoti ya mvua ya Gore-Tex, uliogunduliwa na Mmarekani Bob Gore mwaka wa 1969.

Tano, usikiache kipoe. Maji hutemwa pale tu kitu kinapokuwa baridi kuliko hewa. Ukikifanya kidude chako kiwe na joto la nyuzi chache tu kuzidi hewa ya nje, umande hautakigusa. Watu wengi huzima kila kitu saa tano usiku waendapo kulala, na hapo ndipo kisanduku hubaki baridi katika saa mbaya kuliko zote, kati ya saa nane usiku na mapambazuko. Afadhali uamuru taa zizimike lakini kidude chenyewe kibaki na umeme. Kama joto lake halitoshi, mwombe fundi akuwekee rezista ya omu 47 yenye uwezo wa wati 10. Ikiunganishwa na volti 12 itatoa joto la wati 3 hivi, isipogusana na plastiki wala nyaya. Kwa mwezi mzima, usiku na mchana, itakula yuniti mbili na kidogo za stima.

Sita, tumia vile vijifuko vya chembe za kukausha kwa akili. Ni vile unavyovipata ndani ya maboksi ya viatu vipya na mikoba. Vyaweza kunywa maji ya moja ya tano ya uzito wao ama zaidi. Lakini vikishiba vimeshiba. Havifanyi kazi tena mpaka vikaushwe kwenye joko kwa joto la nyuzi 120 hivi kwa saa kadhaa. Tena vyafaa tu katika kisanduku kilichozibwa kabisa. Ukivitia kwenye kisanduku chenye tundu, utakuwa unajaribu kukausha Nakuru nzima. Chagua njia moja: kuziba na kukausha, ama kupitisha hewa na kupasha joto. Aidha, zile chembe za buluu zinazogeuka waridi zikilowa zina kemikali yenye sumu. Ziwekwe mbali na watoto. Za rangi ya chungwa ni afadhali. Mchele, ambao wengine huutumia, haufai. Utavutia panya tu.

Saba, kinga viungo. Bodi ya saketi inaweza kupakwa vanishi maalumu ya elektroniki, ikiwa kavu na safi, bila kupaka kwenye soketi na swichi. Viungo vya nje vya nyaya vichomelewe kwa risasi, vivalishwe mrija unaojikaza kwa joto wenye gundi ndani. Utepe mweusi peke yake hauzuii maji; huyaficha.

Dalili za mapema

Usingoje taa zizimike. Kisanduku kikaguliwe asubuhi na mapema, kabla jua halijakikausha, stima ikiwa imezimwa. Ifikapo saa nne asubuhi adui ameshaondoka na kubakisha nyayo tu. Tafuta matone chini ya mfuniko, madoa meupe yenye umbo la mviringo kwenye bodi, kijani kwenye shaba, kutu kwenye vichwa vya skrubu, ama harufu ya ukungu. Ukiona lolote kati ya hayo, usiongeze gundi ya silikoni. Kausha, safisha, kisha urudie hatua ya tatu, ya nne na ya tano.

Wanafunzi, jaribuni

Kwa wanafunzi walio likizoni, hili hapa jaribio lisilogharimu chochote. Tafuteni mitungi miwili ya kioo ya jamu, mikavu, yenye mifuniko ya kukaza. Mfuniko wa kwanza uacheni mzima. Wa pili utobolewe matundu mawili madogo. Alasiri pumulieni ndani ya kila mtungi mara tatu, kisha mifunge haraka. Iwekeni uani mahali palipo wazi, yote miwili ikiwa imepinduliwa, mfuniko chini, juu ya vijiti viwili ili hewa ipite. Wekeni kipimajoto karibu. Amkeni saa kumi na mbili asubuhi mkaitazame, kisha mrudie kila saa hadi saa nne. Andikeni ni upi uliotokwa na jasho zaidi na ni upi uliokauka kwanza. Usiku wa pili iwekeni chini ya mapaa ya nyumba, mkalinganishe. Mtajifunza kwa usiku mbili mengi yaliyo katika makala haya yote.

Lililo kubwa ni uhai

Kama ni lazima umeme wa volti 240 utoke nje, usifanye mwenyewe. Mwite fundi aliye na leseni ya kazi ya stima. Adai waya wa ardhini kwa kila kisanduku cha chuma, na aweke ile swichi inayokata stima inapovuja, ambayo mafundi huiita RCD, ya miliampia 30. Swichi hiyo ina kitufe cha majaribio. Kibonyeze mara moja kwa mwezi. Isipojikata, ibadilishwe mara moja.

Na swichi hiyo ikijikata usiku wa sikukuu, wageni wakiwa wamejaa uani na watoto wakipiga kelele kwamba taa zimezimika, usikubali mtu yeyote airudishe kwa nguvu ama aiondoe njiani ili sherehe iendelee. Kuna umeme unaovuja mahali fulani, na swichi imewatangulia wageni wako kuugundua. Chomoa taa za nje, washa za ndani, mwendelee kula. Wenyewe wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi, fungua kisanduku ukakione kilichojificha humo.